Nilipeleka Albamu Bila Kutumwa

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akafika katikati ya maneno haya akaanza kunionea huruma. Sikudanganywa na mtu, sikulogwa, wala shetani hakunipitia, maana siku hizi shetani naye anasingiziwa mengi. Nilikaa, nikafikiri, nikajiona nina akili, nikatenda.

Jina langu sitalitaja. Si kwa kuogopa kusemwa, kusemwa nimeshasemwa. Ila jina langu likijulikana, la mwenzangu nalo litajulikana, na huyo nimeshamwanika vya kutosha. Nitamwita Bi Tunu. Si jina lake. Mambo mengine madogo madogo nimeyageuza pia, kwa hiyo ndugu zangu wa Kibaha mlioanza kukuna vichwa, acheni.

Mimi ni mpiga picha. Nina chumba changu Kwa Mathias, nyuma ya saluni moja ya kike. Nilianza na picha za paspoti, nikaja za harusi, halafu nikaingia kwenye hizi tunazoziita picha za chumbani. Mwanamke anapigwa akiwa na kanga moja, au gauni la kulalia, au shuka tu, mlango umefungwa kwa komeo na mwanga unaingia kupitia pazia. Tunakuwa wanawake peke yetu humo ndani.

Mama yangu mzazi ni somo, yaani kungwi, yuko Kisarawe. Amewafunda mabinti, akaja akawafunda mabinti wa mabinti hao. Ndiyo maana kazi hii ilinikaa. Mwanzoni waliokuja kwangu walikuwa mabinti wali, wiki moja kabla ya ndoa, kila mmoja na somo wake. Somo anakaa kwenye stuli anaelekeza: geuka, inamisha shingo, hapo hapo. Nikimaliza natengeneza albamu ndogo, somo anaifunga ndani ya kanga mpya, na siku ya tatu ya fungate anampelekea bwana harusi. Bwana harusi anaifungua peke yake. Ilikuwa zawadi yenye njia yake na mwenyewe wa kuipokea.

Miaka ya karibuni mambo yakageuka. Wakaanza kuja wanawake peke yao, hawana somo, hawana bwana harusi, mwingine hata mume hana. Mmoja ameachika, anataka picha ya kuanzia maisha. Mwingine ametimiza miaka hamsini. Mwingine amejifungua mapacha, anataka kuona tumbo lake limebakije. Nikiwauliza, "Nimfungie nani?" wananijibu, "Nifungie mimi."

Niliwapiga vizuri, kazi ni kazi, lakini moyoni nilikuwa nawacheka. Picha ya chumbani ya kujitazama mwenyewe, si ununue kioo? Niliwaambia hivyo watu wa saluni, tukacheka pamoja. Najisikia vibaya hata kuliandika.

Bi Tunu alikuja Jumamosi moja asubuhi, kutoka Pangani yetu hii ya hapa Kibaha. Mama wa makamo, baibui limenyooshwa vizuri, ni wale wanaosalimia kila mtu mpaka anayefagia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Huu mlango unafungwa?"

"Unafungwa."

"Na dirisha?"

"Lina pazia zito, dada. Karibu ukae."

Akakaa. Mkoba kaupakata mapajani kama mtu aliyekuja kituo cha polisi. Akaniambia alitolewa ziwa la kushoto, kwa sababu ya ule ugonjwa. Amepona, madaktari wamemwambia hivyo. Lakini tangu arudi nyumbani anaoga amefumba macho.

Nikasema, "Na kwenye kioo, dada?"

"Kioo siwezi. Kioo nacho kinanitazama. Picha nitaitazama nikitaka, nisipotaka naifunga. Nataka nijione mimi kwanza."

Neno hilo "kwanza" nililisikia kwa masikio haya haya, wala sikuuliza baada ya kwanza kuna nini. Mimi nikarukia mengine, nikamuuliza, "Na mzee je? Ameliona kovu?"

"Hajaliona. Yuko Kisarawe, kwao, shambani kwenye mikorosho."

Hapo hapo nikamalizia mwenyewe kichwani. Nikasema, amekimbia huyu. Mke kakatwa ziwa, bwana kakimbilia mikorosho. Nikamwambia, "Pole dada yangu, wanaume ndivyo walivyo." Alinitazama, akafungua mdomo kama anataka kunisahihisha, kisha akaacha. Angejuaje kwamba kwa ile pole yangu nilikuwa nimeshamhukumu mumewe?

Tukaanza kazi. Kanga aliikaza mpaka kwapani, vidole vimeng'ang'ania pindo. Kazi hii inataka subira, kwa hiyo nilimpiga vivyo hivyo, uso, mabega, mgongo. Upande wa pili wa ukuta, saluni, mama mmoja akawa anapiga kelele kwamba draya inamuunguza masikio, na msusi anamjibu, "Urembo ni mateso, mama, vumilia." Bi Tunu akacheka. Alicheka cheko la kweli, la mabega, na kanga ikamteleza. Nilimwona anataka kuiwahi. Halafu akaiacha.

Nikapiga.

"Hebu nione," akasema.

Nikampa kamera. Aliitazama ile picha kwenye kioo kidogo cha nyuma kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Kovu lilikuwa limelala pale kifuani, limenyooka, limepoa, na juu yake uso wa mtu anayecheka.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

Akavaa. Kabla hajatoka akaniambia anataka albamu moja ndogo, na zilizobaki kwenye kamera nizifute mbele yake. Nikazifuta tukabaki na zile chache za albamu. Akasema, "Nitakuja kuichukua mwenyewe. Usimpe mtu yeyote, hata akija mwanangu wa kumzaa."

"Ondoa shaka, dada."

Ndivyo nilivyomwambia. Ondoa shaka.

Albamu ikawa tayari. Bi Tunu akapiga simu kwamba ana homa, atakuja Jumamosi inayofuata. Mimi Alhamisi nilikuwa na safari ya Kisarawe kumwona mama. Basi, nikiwa nimekaa pale dukani naitazama ile albamu, wazo likaja.

Nikajisemea: huyu mama amekuja bila somo. Sasa mimi ni nani hapa? Mtoto wa somo. Na kazi ya somo si ndiyo hii, kumsogeza mume kwa mkewe? Mume anaogopa kovu kwa sababu hajaliona. Akiona picha hii, mkewe anacheka, uso umetulia, atarudi mbio. Nilishaiona siku Bi Tunu atakapokuja na mumewe kunishukuru. Nilishajisikia nikiwasimulia wale wa saluni. Kweli tupu, hilo la kusimulia ndilo lililonisukuma zaidi.

Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza. Simu ilikuwa mezani mbele yangu. Sikupiga kwa sababu nilijua atanijibu nini.

Nikatoa kanga mpya, nikaifunga albamu kama nilivyoona ikifungwa mara nyingi, fundo juu, ncha mbili zimesimama. Alhamisi nikaenda nayo Kisarawe.

Kijiji cha kwao mumewe Bi Tunu alikuwa amekitaja katika mazungumzo, na bodaboda hawashindwi kumjua mtu. Nikashushwa kwenye nyumba ya bati, uani pamesafishwa, kuna mama ameketi kwenye mkeka anachagua korosho. Alikuwa dada wa mume, wifi yake Bi Tunu. Mwenyewe yuko shamba la karibu, atarudi sasa hivi.

"Nimetoka Kibaha," nikasema. "Nimeleta zawadi ya bwana, kutoka kwa mkewe."

Sijui nilipata wapi ulimi wa kusema vile. Hakunituma hata salamu.

Wifi mtu alifurahi, akapiga kigelegele. "Leo wifi yetu katukumbuka!" Akapokea mzigo kwa mikono miwili.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe, hasa ninyi wa pwani. Kwenye fungate bwana harusi yuko ndani peke yake, anachopelekewa ni chake. Lakini mzigo uliofungwa kwenye kanga mpya, ukaletwa na mgeni nyumbani kwa wakwe mchana kweupe, huo si wa mtu mmoja. Ni wa nyumba, na wanawake wa nyumba ndio wanaoufungua. Nani asiyelijua hilo? Mimi nimezaliwa ndani yake. Nilisema, "Ni ya bwana peke yake jamani," lakini nilisema huku nacheka, ndivyo anavyosema kila mleta mzigo, na hakuna anayemsikiliza. Naye akacheka. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye fundo.

Alifungua ukurasa wa kwanza, uso, akatabasamu. Wa pili, mgongo, akasema, "Haa, wifi naye!" Wa tatu, kifua.

Akainuka na albamu, akaingia nayo ndani kwa mama yao mzee. Mimi nimebaki kwenye mkeka. Nikasikia sauti ya bibi yule kutoka chumbani, "Mbona upande mmoja?" Halafu, "Walituambia uvimbe wa tumbo."

Ukweni walikuwa hawajui. Bi Tunu na mumewe walikuwa wamekubaliana wasiseme, na mimi nimekuja kuwafunulia, tena kwa picha.

Mume akaingia uani kutoka shamba. Mtu mrefu, mpole, panga mkononi. Alikuwa hajanisalimia sawasawa dada yake akatoka ndani analia, albamu imefunguka, anamnyooshea. "Kaka, mbona mlituficha? Hebu tazama mkeo."

Yule bwana aligeuza uso. Aligeuka mpaka akaelekea ukutani kabisa.

"Funga," akasema.

"Kaka, lakini..."

"Nimesema funga."

Dada akaifunga. Ndipo kaka mtu akanyoosha mkono nyuma, akaipokea, akaomba na kanga. Akaifunga albamu ndani ya kanga huku macho yako ukutani. Hakufunga fundo la zawadi. Alifunga lile la magunia ya korosho, la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini. Kisha akanigeukia.

"Nani kakutuma?"

"Mkeo, kaka."

"Mke wangu hakukutuma." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mke wangu ndiye aliyenitoa nyumbani. Alisema nimpishe azoee, akiwa tayari ataniita, na atanionyesha mwenyewe. Mimi huku nasubiri kuitwa. Simu naenda nayo mpaka shambani."

Nilitazama chini. Korosho zimetawanyika kwenye mkeka, na mimi nazitazama kama nimetumwa kuzihesabu.

"Mrudishie," akasema. "Mwambie mimi sijaona."

Nikafika kwa mama nikiwa sina rangi. Nilidhani nikimweleza atanitetea, mama ni mama. Alikuwa anamenya muhogo, wala hakuacha kumenya. "Alikuwekea mkononi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mwenye kitu. Alikiweka mkononi mwako akasema nipelekee?"

"Hapana, mama."

"Basi hukupeleka. Uliiba." Akatupa ganda. "Miaka yote hii sijawahi kubeba hata leso ya mwali kabla hajaniwekea mwenyewe mkononi. Wewe umeona kufunga kanga, ukadhani ndiyo kazi. Rudi leo leo ukamwambie. Ukilala nalo, kesho litakuwa kosa jingine."

Nililala nalo. Ijumaa nikarudi Kibaha, nikapita Kwa Mathias, nikajifungia. Nikakaa kulifungua lile fundo la korosho, lilinisumbua sana, mpaka kucha ikakatika. Nikaitoa albamu, nikaifuta, nikaitia kwenye bahasha ya kaki kama haijawahi kutoka humo dukani. Kanga nikaikunja nikaificha chini ya mapazia.

Jumamosi Bi Tunu akaja. Homa imeisha, amejipaka hina. Alikaa kwenye stuli ile ile akafunua kurasa moja moja, taratibu. Kwenye ile ya cheko akaweka kidole juu ya kovu, akakipitisha mwanzo mpaka mwisho. Halafu akaniambia, na macho yanang'aa, "Wiki ijayo namwita mzee."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nafasi ilikuwa imefunguka mbele yangu, tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Mimi nikatabasamu. Nikasema, "Inshallah, dada."

Kama kuna sehemu ya habari hii ninayotamani ardhi inimeze nikiikumbuka, ni hiyo Inshallah yangu.

Jumatatu wifi yake alimpigia simu. Pole wifi, mbona mlituficha, mama hali chakula, analia. Sijui walisemezana nini zaidi. Jumanne Bi Tunu alisimama mlangoni kwangu. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Ulienda Kisarawe?"

"Nilienda, dada."

"Na albamu."

"Na albamu."

"Aliiona?"

"Hakuiona. Wallahi dada, aligeuza uso. Akanituma nikuambie hajaona."

"Alikutuma lini?"

"Alhamisi."

Alitikisa kichwa polepole. "Na Jumamosi nilikaa hapa. Nikakuambia namwita. Ukaniitikia Inshallah. Ungeniambia Jumamosi ningekuamini. Ningekuchukia, lakini ningekuamini. Leo nitalijuaje la kweli na la uongo, na yote yanatoka mdomo huo huo?"

Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, yeye ndiye mwenye kulia. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikishika kamera nalisikia.

"Kukata walikata wao, sikuwa na la kusema. Kuonyesha ndiko kulikuwa kwangu. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo, na wewe umenitangulia."

Akaondoka. Hajarudi tena. Tukikutana Kwa Mathias anavuka barabara.

Nasikia mumewe alimpigia simu, akamwambia mwenyewe kwamba hajaona. Bi Tunu alimjibu ahsante. Anasema mumewe ni mtu wa huruma, na mtu wa huruma hata kama ameona atasema hajaona. Wifi naye amemwambia, lakini wifi ni damu ya kaka yake. Shahidi mmoja tu ndiye angemaliza jambo hili, asiye wa huku wala wa huko, na shahidi huyo ni mimi, niliyekwisha kuonekana mwongo. Basi mzee yuko Kisarawe hajaitwa, maana aliahidi kusubiri kuitwa, na mkewe yuko Pangani hamwiti, maana anaona hakuna tena cha kuonyesha. Mikorosho imeshavunwa na kupaliliwa tena tangu siku ile.

Wateja wangu wamepungua. Wale wanaokuja peke yao ndio waliotoweka kabisa, na wana haki. Msusi wa saluni aliwahi kunifariji kwamba nilikuwa na nia njema. Nilimwomba asirudie. Nia yangu naijua mimi.

Nawaambia ninyi wenzangu ambao watu wanatuvulia nguo na siri zao, wapiga picha, wasusi, washonaji, wauguzi: mtu akikuonyesha kitu chake, amekuonyesha wewe. Hajakupa ruhusa ya kumwonyesha mwingine, hata huyo mwingine awe mume aliyemwoa kwa ndoa. Na ukijiona unataka kumtendea mtu wema lakini hutaki kumpigia simu kwanza umuulize, jua huo si wema. Ukishakosa, nenda kaseme siku hiyo hiyo, ungali unaaminika. Mimi nilichelewa siku tano, nikawavunjia watu wawili nyumba ambayo ugonjwa ulishindwa kuivunja.

Nilificha jina lako, dada, lakini naandika hapa hadharani kwa sababu mlangoni kwako hunifungulii. Lile fundo la mumeo nililifungua mimi, kwa uoga, na ndilo lililokuwa ushahidi wako, maana ungeliona ungejua ni mkono wake ulioifunga albamu. Nakueleza lilivyokuwa. Alizungusha mara mbili akapitisha chini, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na panga, ncha ya mwisho aliikaza kwa meno. Nimejaribu kulifunga mara nyingi, siliwezi. Kabla ya kulikaza alikuwa amegeukia ukuta, na baada ya kulikaza albamu haikufunguliwa tena mpaka kwangu.

Hakuiona. Bado ni yako kuionyesha, naye bado anaenda na simu shambani.